Jina Daftarini, Mtoto Dawatini: Kutafuta Shule ya Msingi Arusha

Uandikishaji wa watoto wa darasa la awali na la kwanza katika shule za msingi za serikali kwa kawaida huanza Oktoba, ili masomo yaanze Januari. Katika Jiji la Arusha, kama kwingineko Tanzania Bara, utaratibu wenyewe hauna mengi. Mzazi au mlezi huenda shule iliyo karibu na anapoishi, mkononi ana cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Mwalimu huandika jina, tarehe ya kuzaliwa, mtaa na namba ya simu, kazi imekwisha. Hakuna fomu ya kununua, hakuna usaili, hakuna barua ya kusubiri. Elimu ya msingi ni ya lazima kisheria: shule ya serikali haina ruhusa ya kumfukuza mlangoni mtoto aliyefikia umri, na mzazi asiyemwandikisha ana kosa la kujibu.

Ndiyo maana maneno "kutafuta nafasi" husikika zaidi kwenye mageti ya shule binafsi kuliko kwenye uwanja wa shule ya mtaa. Lakini nafasi ya kugombea ipo serikalini pia, ila haionekani Oktoba. Huonekana Januari, watoto wanapoingia darasani na dawati la watu watatu likaanza kubeba watano. Jina limepata pa kukaa daftarini. Mwenye jina ndiye anayesimama. Mzazi wa Arusha huchagua shule kwa kukisia jambo ambalo mwalimu mkuu analijua kwa tarakimu, na hakuna aliyewahi kuona sababu ya kumwambia mzazi.

Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, mtoto huanza darasa la awali akiwa na miaka 5 na darasa la kwanza akiwa na miaka 6. Asiye na cheti cha kuzaliwa mara nyingi hupokelewa kwa kadi ya kliniki, huku mzazi akiagizwa kufuatilia cheti RITA, wakala wa usajili wa vizazi. Hilo lisichukuliwe kwa wepesi, kwa sababu tarehe inayoandikwa siku hiyo ndiyo itakayomfuata mtoto. Akishasajiliwa, huingizwa kwenye mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani, NECTA, akapewa namba anayokwenda nayo hadi mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Akihama shule, namba hiyo ndiyo inayohamishwa, na uhamisho hupitia kwa mwalimu mkuu wa shule anakotoka. Wazazi wanaompeleka mtoto shule binafsi kwa kujaribu, wakisema ada ikishindikana atarudi serikalini, wajue kwamba deni na uhamisho hukutana juu ya meza moja.

Msongamano wa madarasani una historia, na kila sura yake imeanza kwa nia njema. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto wa Tanzania asome; mpango wa elimu ya msingi kwa wote, UPE, ukaanza kutekelezwa nchi nzima mwaka 1977, na Sheria ya Elimu Namba 25 ya mwaka 1978 ikaifanya shule kuwa lazima. Watoto wakafurika, walimu wakaandaliwa haraka haraka. Miaka ya 1980 uchumi ukayumba na ada zikarudi, wengine wakabaki nyumbani. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002, ukaja na kufutwa kwa ada. Madarasa yakafurika tena. Kisha Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ukaleta elimu bila malipo hadi kidato cha nne, na Januari 2016 shule za mijini zikashuhudia foleni za uandikishaji zilizozunguka majengo. Mara zote mlango umefunguliwa kwanza, chumba kikajengwa baadaye.

Kiwango kinachotambuliwa na serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa moja la shule ya msingi, na 25 kwa darasa la awali. Ni kiwango kizuri, na mzazi yeyote wa kata za pembezoni akikisikia hucheka. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo shilingi 4,000 zimetengwa kwa ajili ya vitabu. Kwa nauli ya mwanafunzi ya shilingi 200 kwenye daladala, shilingi 10,000 ni safari 50, yaani siku 25 za kwenda na kurudi. Kwa fedha hiyo shule inunue chaki, ikarabati kitasa, ichapishe mitihani, kwa mwaka mzima. Fedha kubwa ya ujenzi huja kwa njia nyingine. Mradi wa BOOST, wenye thamani ya shilingi trilioni 1.15 kwa nchi nzima, umejenga shule mpya na madarasa mapya ya msingi, na Arusha imepata sehemu yake. Tatizo ni kwamba watu wa Arusha wanaongezeka kwa mwendo ambao fundi ujenzi hawezi kuufuata.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Ile ya 2022 ilihesabu 617,631. Hao ni watu zaidi ya 200,000 katika miaka kumi, na hawakujigawa sawasawa. Viwanja vya bei nafuu viko kusini, magharibi na mashariki: Muriet, Terrat, Olasiti, Olmoti, Moshono. Huko ndiko familia changa zinakojenga chumba kimoja kimoja, na ndiko watoto wa miaka 5 na 6 walipo. Shule kongwe ziko kwingine, katika mitaa iliyopimwa zamani kama Kaloleni, Levolosi na Ngarenaro, ambako nyumba za familia zinageuka maduka, nyumba za wageni na maegesho ya magari ya watalii. Wapo wazazi wenye vibanda Soko Kuu au Kilombero wanaoamua kumwandikisha mtoto mjini, karibu na biashara, ili washuke naye asubuhi na kupanda naye jioni. Kisheria si dhambi. Kwa hesabu za halmashauri ni mtoto anayelala kata moja na kuhesabiwa darasani kata nyingine, na mipango ya madarasa hupotea humo.

Mpaka nao una vituko vyake. Jiji limezungukwa na Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, na upande wa mashariki barabara ya Moshi inaingia Halmashauri ya Meru, yenye makao yake Usa River. Ilboru, Kiranyi, Moivo na Sokon II si kata za jiji, ingawa mgeni anayepita hawezi kuona mahali jiji linapoishia. Mtoto wa huko anaweza kuishi hatua chache kutoka shule ya jiji huku afisa elimu wake ni wa halmashauri nyingine. Uandikishaji haumzuii kuvuka. Bajeti ndiyo haivuki naye.

Upande wa Mlima Meru hali ni ya namna nyingine. Walutheri wa Leipzig walifungua misheni Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904, na shule zikaota pembezoni mwa makanisa, kisha zikasambaa pamoja na kahawa. Wameru na Waarusha wa vihambani walichangia mbao, mawe na nguvu kujenga madarasa muda mrefu kabla serikali haijazichukua shule za misheni kwa sheria ya mwaka 1969. Matokeo yake ni kwamba kuanzia Akheri, Poli hadi Nkoanrua shule huwa ni jirani, na wengi humpeleka mtoto alikosoma babu yake bila mjadala mrefu. Umbali huko haupimwi kwa kilomita. Hupimwa kwa makorongo, na kwa tope jekundu la masika linalomfanya mtoto wa darasa la kwanza afike darasani akiwa na viatu mkononi.

Katikati ya jiji, kando ya mto Themi, ipo Arusha School, iliyofunguliwa mwaka 1934 kwa ajili ya watoto wa Wazungu. Wakati ule rangi ya ngozi ndiyo ilikuwa utaratibu wa uandikishaji: Mzungu huku, Mhindi kule, Mwafrika kwake. Utengano huo ulikoma kisheria Januari 1962, wiki chache baada ya Uhuru. Leo Arusha School ni mali ya umma na hufundisha kwa Kiingereza, kama Olympio na Diamond za Dar es Salaam. Ni serikali, lakini wazazi hulipia. Kwa kuwa shule za namna hii ni chache mno nchini, hapo ndipo neno "nafasi" linaporudi na uzito wake wote: fomu, tarehe ya mwisho, usaili, na simu kwa mtu anayemjua mtu.

Kiingereza ndicho kiini cha mambo. Mtaani shule za msingi za serikali huitwa "Kayumba", na wenye mzaha zaidi huongeza "Mtakatifu" mbele yake ili zifanane na shule za binafsi zenye majina ya watakatifu. Mzaha huo una sababu. Shule ya serikali ya kawaida hufundisha kwa Kiswahili, na mtoto hufanya mtihani wa mwisho kwa Kiswahili. Miezi michache baadaye anaingia kidato cha kwanza, ambako fizikia na hesabu zinamsubiri kwa Kiingereza. Mzazi anayekopa kwenye VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, ili amkwepeshe mwanawe ukuta huo huitwa mshamba anayeabudu lugha ya mkoloni. Si haki. Amesoma mfumo kama ulivyo na kuuchukulia hatua. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umerudisha somo la Kiingereza darasa la kwanza, na hilo litapunguza makali kidogo, ila somo moja si sawa na lugha ya kufundishia.

Shule binafsi, basi, zimejaa kila upande: Njiro, Sakina, Kisongo, Ngaramtoni, Tengeru, Usa River. Juu kabisa zipo za kimataifa zenye mitaala ya kigeni, ambazo karo yake kwa mwaka inaweza kununua kiwanja Muriet. Chini yake ni msururu mrefu wa shule za Kiingereza zinazofuata mtaala wa taifa. Utaratibu wao hufanana: fomu inanunuliwa kati ya Agosti na Novemba, mtoto anaitwa kwenye usaili, mzazi anapewa barua na orodha ya mahitaji. Ada hulipwa kwa awamu, na juu yake kuna gari la shule, chakula, sare za rangi mbili, sweta, rimu za karatasi na madaftari yenye nembo. Mjadala wa kuwekea shule hizi ada elekezi ulivuma kati ya 2015 na 2016 ukaishia njiani. Bei hupangwa na mwenye shule, na mzazi mwenye busara huomba orodha yote kwa maandishi kabla ya kulipia fomu, kwa maana ada inayotangazwa kwenye bango huwa ni nusu ya habari.

Usaili wa mtoto wa miaka 5 unastahili kutazamwa kwa jicho kali. Mtoto huulizwa rangi, namba na jina la mama yake, kwa Kiingereza, na mtu mgeni, katika ofisi asiyoijua. Anayejibu ni yule aliyekwisha kulipiwa chekechea ya Kiingereza miaka miwili. Kinachopimwa hapo ni mfuko wa mzazi, na shule inayojisifu kwa matokeo mazuri baada ya mchujo huo imeanza mbio mita hamsini mbele ya wenzake.

Kuna shule moja Arusha iliyougeuza mchujo huo upande wa pili. The School of St Jude, iliyoanzishwa Moshono mwaka 2002 na Gemma Sisia kutoka Australia, hutafuta watoto wenye uwezo darasani wanaotoka katika familia maskini, nao husoma bila kulipa. Mtoto hupimwa kwa mtihani, kisha watumishi wa shule hufika nyumbani kuhakikisha kwamba umaskini uliotajwa upo kweli. Kwa familia chache zinazofanikiwa, maisha hubadilika. Kwa jiji lenye watu zaidi ya laki sita, ni tone.

Wengi huchagua kwa matokeo ya mtihani. Mwaka 2023 NECTA iliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, kwa hoja kwamba orodha hiyo haina tija, lakini matokeo ya kila shule, darasa la nne na la saba, bado yako wazi mtandaoni. Mzazi anayeyasoma na asome pia idadi ya watahiniwa. Shule iliyofaulisha wote 28 na shule iliyofaulisha 150 kati ya 190 hazikufanya kazi moja. Swali linalofaa kuulizwa ofisini ni hili: waliofanya mtihani wa darasa la saba mwaka jana, darasa la kwanza walikuwa wangapi? Shule ambayo kila mwaka huwakaririsha darasa au kuwahamisha kimyakimya wanaosuasua hutoa wastani mzuri kwa kutupa watoto, na watoto hao huishia kwenye madawati yaleyale ya Kayumba yanayochekwa. Wenye watoto wadogo waangalie na kalenda: sera mpya inapunguza elimu ya msingi kuwa miaka sita, na mwaka 2027 darasa la sita na la saba wamepangiwa kumaliza pamoja. Sekondari za Arusha zitapokea mizigo miwili kwa mkupuo mmoja.

Kinachosahaulika zaidi katika uchaguzi huu ni barabara. Mtoto wa Olasiti anayesoma Usa River hupandishwa gari kukiwa bado giza, na kwa kuwa gari huzunguka mitaa, aliyepandishwa wa kwanza huamka kabla ya muadhini. Hulala darasani, kisha huambiwa mvivu. Arusha inajua pia gharama nyingine ya safari. Tarehe 6 Mei 2017 basi la Shule ya Msingi Lucky Vincent lilitumbukia korongoni Rhotia, wilayani Karatu, likiwapeleka wanafunzi wa darasa la saba kufanya mtihani wa kujipima na wenzao. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Aprili 2024 gari jingine la shule lilisombwa na maji ya mvua jijini Arusha na watoto wakapoteza maisha. Anayetembelea shule kukagua madarasa na akaondoka bila kukagua matairi, kuhesabu viti na kuuliza gari hupita daraja gani wakati wa masika, amefanya ukaguzi nusu.

Kulikuwa na njia ya kuikwepa barabara, nayo ni bweni. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2023 umezuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kuanzia Machi mwaka huo. Shule zenye vibanda vya vitanda huko Ngaramtoni na Usa River zililalamika, na baadhi ya wazazi wanaofanya kazi hifadhini au migodini Mererani walilalamika zaidi. Serikali ilikuwa sahihi. Mtoto wa miaka 6 anahitaji mtu wa kumwona akiumwa usiku, na mlezi mmoja wa bweni mwenye watoto arobaini si mtu huyo.

Kwa mtoto mwenye ulemavu, uchaguzi ni mwembamba mno. Shule za karibu zenye kitengo cha elimu maalumu hazipo kila kata. Huko Tengeru kuna Patandi, chuo kinachoandaa walimu wa elimu maalumu, na ni mahali pa kwanza pa busara kuomba ushauri kabla ya kuamini yeyote anayesema mtoto "hafundishiki".

Halafu michango. Elimu bila malipo haikufuta sare, madaftari wala chakula. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango shuleni na kuagiza anayetaka kuchangia kwa hiari ampelekee mkurugenzi wa halmashauri, mbali na mikono ya walimu. Wazazi wakashangilia, na katika shule nyingi sufuria la uji likapoa. Mtoto anayetoka Terrat bila kunywa chai, akakaa hadi saa nane bila makande, hasomi. Shule ambayo wazazi wamekaa kikao, wakakubaliana debe la mahindi na maharage, wakachagua kamati ya kuyasimamia, ina dalili njema kuliko shule yenye jengo jipya lililopakwa rangi.

Turudi kwenye nafasi. Huko Uingereza mzazi hujaza orodha ya shule anazozitaka kwa mpangilio, mwisho Januari 15, na hupata jibu Aprili 16. Kabla ya kujaza huwa ameshatangaziwa kila shule ina nafasi ngapi na zikijaa nani atatangulia: mwenye ndugu humo, anayeishi karibu. Utaratibu ule una vilio vyake, na wenye uwezo huhamia karibu na shule nzuri. Arusha haihitaji kuuiga, maana kumkatalia mtoto mlangoni kungekuwa kuvunja ahadi ya mwaka 1974. Kitu kimoja tu kinafaa kuazimwa: kuambiwa mapema.

Kila shule ya serikali jijini inajua ina vyumba vingapi, walimu wangapi, madawati mangapi, matundu ya choo mangapi na watoto wangapi kila darasa. Tarakimu hizo hupelekwa halmashauri na TAMISEMI, ofisi inayosimamia halmashauri. Mzazi wa Muriet ambaye angezisoma Septemba angeweza kuona kwamba shule ya mtaa wa pili, dakika kumi mbele, ina watoto 60 darasani na ya kwake ina 140, akaamua kutembea hizo dakika kumi. Diwani naye angekosa pa kujificha wakati wa kupanga wapi darasa jipya lijengwe. Kazi yenyewe ni ndogo: karatasi moja kwa kila kata, ibandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya mtendaji na kusomwa kwenye mkutano wa mtaa. Mkurugenzi wa Jiji na wenzake wa Meru na Wilaya ya Arusha waiagize ibandikwe kabla ya Oktoba 1.